Bima yetu isiwe mchango wa WhatsApp

Hebu hesabu michango ya WhatsApp uliyotumiwa mwezi huu. Mingapi ilikuwa ya bili ya hospitali? Hapa Ogembo hiyo ndiyo bima yetu halisi: mgonjwa alazwe kwanza, halafu simu zianze.

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mama mboga na mtu wa boda wao wanaulizwa maswali kwenye simu, mfumo unawakadiria, kisha wanatakiwa kulipa mwaka mzima mbele. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mpigo. Ndiyo, kuna Lipa SHA Pole Pole, lakini huo ni mkopo. Zahanati ni bure, ila ukilazwa hospitali kubwa kama hujalipa, bili ni yako.

Wengine wamefanyaje? Uingereza, tangu 1948, matibabu yanatoka kwenye kodi. Bili hailetwi kitandani. Shida yao ni foleni: England pekee, orodha ya wanaongoja matibabu imewahi kupita milioni 7.

Rwanda si tajiri, lakini zaidi ya watu 8 kati ya 10 wana bima ya jamii. Kwa miaka mingi wengi wamelipa faranga 3,000 kwa mwaka, na maskini kabisa wakalipiwa na serikali. Nani maskini? Majirani walikaa kijijini wakaamua. Huko nako si mteremko: unalipia kila kichwa nyumbani, hospitalini unaongeza asilimia 10, na majirani nao wana upendeleo.

Kwa hivyo kila mfumo una gharama. Swali ni nani anaibeba. Kwetu anaibeba yule asiye na mshahara. Simu itakuuliza nyumba imeezekwa na nini. Haiwezi kujua hayo mabati alinunua ndugu yako, na wewe leo hujala. Jirani anajua.

Sheria ya 2023 inasema wasiojiweza walipiwe na serikali. Basi tudai orodha hiyo ipitiwe kwenye baraza, chifu, msikiti na kanisa wakiwepo, na mwenye kukadiriwa vibaya asikizwe.

Baraza ijayo ya chifu, usiwaachie wazee. Nenda na jina la jirani yako mmoja.