Juma Bhalo Alilia Kabla Yetu

Niseme mapema ili wa kukasirika wakasirike mapema: mwimbaji mkubwa wa souli na bluzi kuwahi kusikika pwani hii hakuwa Mmarekani, hakuimba Kiingereza, na hamna picha yake ukutani kwa kinyozi yeyote wa Likoni. Alikuwa Mohamed Khamis Juma Bhalo. Profesa. Nyanya yako anamjua vizuri. Wewe unamjua kama ile taarabu ya jirani inayokuharibia usingizi Jumapili asubuhi.

Wiki iliyopita niliweka klipu nikasema hivyo hivyo, na komenti zikashuka kama mvua ya masika. Mmoja wa Changamwe akaniambia souli ni ya Wamarekani weusi, tuwaachie wenyewe. Mwingine akasema taarabu ni ya wamama wa arusi, mimi natafuta viewazi tu. Kutafuta natafuta kweli, bando halijilipi. Lakini nilichosema sikukisema kwa mzaha, na dakika moja ya video haitoshi kukieleza. Ndiyo maana naandika. Shika chai.

Kwanza, kama shida yako ni Kiingereza, basi jua hata hiyo tulikuwa nayo. Miaka ya sabini Mombasa ilimtoa Slim Ali, yeye na Hodi Boys, wakiimba souli ya Kiingereza yenye saksafoni na kila kitu. Kamtafute. Utacheza, utafurahi, utashangaa mbona hukuambiwa. Lakini mimi nikiwa na jambo kifuani silichezi kwa Slim Ali. Nikilemewa narudi kwa Bhalo, na hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu.

Bhalo alizaliwa Malindi mwaka 1942, akafariki Aprili 2014, na jina lake halitengani na Mombasa. Katikati hapo ni miongo ya kukesha kwenye arusi za watu: kinanda, tabla, na sauti ambayo sijui niielezeje. Haina haraka. Inapanda, inasimama juu pale kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu inashuka polepole ikikuburuta nawe. Mashairi mengi aliyoimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule ambaye diwani yake *Malenga wa Mvita* ilitoka mwaka 1971. Na nduguye Ahmad Nassir ni Abdilatif Abdalla, aliyefungwa na serikali ya Kenyatta kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi aliyoandika. Yaani hii ni familia ambayo maneno kwao si mapambo. Maneno yaliwalisha, na mmoja yalimpeleka jela.

Sasa bluzi ni nini? Ukiondoa gitaa na kofia, bluzi ilianza kwa watu waliokuwa na jambo zito na hawawezi kulisema waziwazi, kwa sababu bosi wa shamba la pamba anasikia. Wakalisema kwa kupindapinda, kwa maneno yenye tumbo mbili. Sasa niambie, hilo ni geni kwa Mswahili gani? Sisi hata kumwambia jirani arudishe sufuria tunatumia fumbo. Mwanamume kaachwa, mkewe yuko pale pale arusini amekaa na shangazi zake, na hawezi kumtaja. Basi wimbo unataja ndege. Unataja jahazi, au ua lililoingiliwa na mdudu. Kila mtu ukumbini anajua nani ndege na nani mdudu, na hakuna anayeweza kushtakiwa.

Tena yote hayo ndani ya mizani. Hapa wasanii wa kizazi changu tunapaswa kunyamaza kidogo. Shairi la kawaida lina mizani 8 upande huu, 8 upande ule, vina vikubaliane katikati na mwisho, beti baada ya beti. Sisi tukiachwa tunafungua mdomo tunamwaga lolote, tunalitia vokali ya roboti, tunaita wimbo. Yule anaumia, na bado anahesabu. Mimi naona ule uzito wa Bhalo unatoka hapo hapo: unasikia mtu anazuia. Kilio kimetiwa kwenye kikombe na hakimwagiki, lakini unaona kinatetemeka kwenye ukingo.

Halafu kuna kutuza. Kama hujawahi kuona, ni hivi: mwimbaji yuko katikati ya beti, limefika neno ambalo limekugusa wewe, wewe binafsi, unainuka kitini, unatembea taratibu mbele ya watu wote, unampa noti, unarudi kukaa. Hujasema kitu. Lakini kila mtu kaona umeinuka kwenye neno gani! Zile zawadi za TikTok Live tunazoona mambo ya leo, wazee wamezifanya kabla hatujazaliwa, na wao walikuwa wanatoa siri zao pamoja na pesa.

Hili la kuinuka mbele ya watu ndilo linalonifanya niandike haya yote. Nina rafiki yangu wa Kisauni, anaendesha tuktuk. Mchumba wake alikwenda Saudia kutafuta kazi, wakaagana vizuri, akawa anapiga simu kila Ijumaa, halafu kila Ijumaa mbili, halafu basi. Tulipomwona amekonda maskani ilimwambia nini? Kaza. Kaza kaka, wanawake ni wengi. Neno moja tu tunalo, vijana wa bara hii yote, Likoni mpaka Mtopanga: kaza. Umefiwa, kaza. Umekosa karo, kaza. Mimi chuo niliachia mwaka wa pili kwa sababu ya karo hiyo hiyo, na nililipokea neno hilo kutoka kwa watu wasiopungua ishirini kana kwamba wamelipanga.

Yule rafiki alikuja kwangu usiku mmoja, nilikuwa nafanya kazi zangu na Bhalo anaimba chini chini. Hakusema chochote. Wimbo ulipoisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu akauliza, "Huyu mzee alikuwa ananijua?" Akalia pale, kwenye ndoo ya rangi ambayo ndiyo kiti changu cha wageni. Sikumwambia akaze.

Fikiria basi: babu zetu, wale wale tunaowaona wakali, wasiocheka, walikuwa wakikaa safu kwa safu kumsikiliza mwanamume mwenzao akilia kwa mizani, na wakilipa pesa. Uanaume wao haukupungua. Sijui ni wapi tulipoangusha kitu hicho njiani, lakini naona tulikiangusha, na msikiti na kanisa na shule na maskani vyote vikapita juu yake bila kukiokota.

Sasa nije kwenye komenti iliyopata moyo nyingi kuliko posti yangu mwenyewe: "Bhalo aliiba nyimbo za Kihindi." Sawa. Tuongee.

Ni kweli mahadhi mengi yalitoka filamu za Kihindi. Mombasa ya wakati ule ilikuwa mji wa sinema, Regal, Naaz, watu wanatoka ndani wanapiga mluzi wimbo wa filamu, na Bhalo hakuwa wa kwanza kuutilia maneno ya Kiswahili. Hakuficha, wala hakuna msikilizaji aliyedanganyika. Nusu ya raha ilikuwa ni kulijua hadhi na kusubiri uone Mswahili atalifanya nini. Kwa hivyo swali langu kwako wewe unayesikiliza rapu: kusampo ni nini? Ray Charles mwaka 1954 alichukua mwendo wa wimbo wa dini akaufanya wa kumsifu mwanamke, watu wa kanisa wakawaka moto, na leo vitabu vinasema pale ndipo souli ilipozaliwa. Mmarekani akiazima ni mwanzilishi. Mmalindi akiazima ni mwizi? Acheni hizo.

Sheria nayo ni kichekesho chake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, maneno na muziki vinalindwa mpaka miaka 50 baada ya aliyevitunga kufariki, na rekodi yenyewe miaka 50 tangu ifanywe. Sasa chukua wimbo mmoja wa Bhalo. Hadhi ni la mtunzi wa Bombay. Maneno ni ya mshairi wa Mombasa. Sauti ni ya Profesa. Rekodi ni ya aliyebonyeza kitufe, mara nyingi duka kama Mbwana Radio Service, ambalo kaseti zake zilijaa kwenye nyumba za pwani nzima. Na anayekula pesa za matangazo leo ni kijana fulani mwenye chaneli, ambaye si yeyote kati ya hao wanne. Nyimbo nyingine zimepakiwa bila hata jina la mtunzi, na picha ya machweo ya jua juu yake. Mshairi amefutwa kabisa. Hilo linaniuma kuliko la pesa, kwa sababu pesa hata wakati ule sidhani zilikuwa za kutajirisha.

Na mimi sasa niko katikati ya jambo hilo hilo. Ami yangu, Mtongwe, ana kaseti 41 ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Nyingine ni za dukani. Nyingine alirekodi mwenyewe arusini, ameweka redio kaseti karibu na spika. Nne zimeota ukungu mweupe, sijazigusa, kwa sababu ukizicheza unausambaza kwenye kichwa cha mashine na unaua zilizobaki. Zilizobaki nazihamisha moja moja kwenye kompyuta, na kaseti haina njia ya mkato: ya dakika 90 inakula dakika 90 za maisha yako. Kile kisponji kidogo ndani kikibanduka sauti inakwenda mbali, inabidi ufungue skurubu tano ukigundishe upya. Nyingine hazina skurubu, zimegandishwa, hizo ni dua.

Za dukani sina wasiwasi nazo, ziko mtandaoni tayari. Za arusini ndizo. Kuna moja ina Bhalo katika usiku mzuri ambao sijawahi kusikia mfano wake. Anarudia mstari mmoja mara tano, kila mara kivingine, na watu wanapagawa. Produsa mmoja ninayemjua akaisikia dakika mbili akataka kuiweka ngoma chini leo leo. "Hii italipuka," akasema. Najua italipuka. Lakini sikiliza vizuri nyuma ya sauti ya Bhalo. Kuna wanawake. Wanacheka, wanaitana majina, mmoja anamwambia mwenzake jambo la mumewe akidhani hamna asikiaye isipokuwa huyo mwenzake. Wengine wameshafariki. Wengine ni nyanya za watu wanaosoma hapa.

Nikamuuliza ami. Alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Bhalo ni wa watu wote. Hao walio nyuma si wa watu wote."

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaoniita mjinga: zile za arusini sizipakii. Nitazihifadhi mahali pawili tofauti, atakayetaka kuja kusikiliza aje Mtongwe, avue viatu, asikilize. Yule produsa nimempa jibu, hajafurahi. Nimemwambia kama anataka Bhalo wa ngoma, kuna vijana Bakarani wanaoweza kuimba. Awape shairi, awape hadhi, waimbe upya kwa sauti zao, na jina la mshairi liandikwe la kwanza. Tulichorithi ni ule ufundi, na ufundi huokolewi na kumweka marehemu juu ya bidi.

Wa Changamwe uliyeniambia souli tuwaachie Wamarekani, fanya hivi: usiku, taa umezima, simu usiishike mkononi. Wimbo mmoja tu, mzima, usiruke mbele. Kama huna Kiswahili cha kutosha, na wengi wetu hatuna, mpigie simu nyanya umuulize neno lililokupita. Atakuuliza umelipata wapi. Hapo kaa vizuri, maana simu hiyo haitaisha upesi.

Kwa sasa kazi imesimama. Mkanda wa mashine umelegea, Bhalo anaimba kama amelala, na fundi wa Kongowea kasema mkanda wa saizi ile hauna, labda Jumanne. Zimebaki kaseti 17. Kama nyumbani kwenu kuna redio kaseti kuukuu inayokula umeme na haisemi, msiiuze kwa wa vyuma. Niwekeeni hata huo mkanda wake tu.