Bunduki za Mau Mau Hazikuwa Toi, na Wewe Fundi wa Nyundo Pia Nisikilize

Wasee, wiki hii nimekasirika, na leo nitaongea.

Nilipost picha ya bunduki ya kujitengenezea ya Mau Mau. Paipu la maji, kipande cha mbao, komeo ya mlango, na mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu. Dakika kumi hazijaisha, komenti zimejaa vicheko. "Hii ni manati ama?" "Hii hata kuku haiui." Halafu kundi la pili likaingia na vifua mbele: "Heshimu! Hizi ndizo zilifukuza mkoloni!"

Nikasoma zote, nikaweka simu chini. Anayecheka hajaielewa hii kitu. Anayeisifu kwa kelele pia hajaielewa. Nyote mmekosa kuona fundi aliyesimama nyuma ya hilo paipu.

Tuanze mbali kidogo, mtanifuata tu. Kuna wazee huko Marekani ambao starehe yao ni kumimina risasi zao wenyewe nyumbani. Kiswahili kimetusaidia hapa, kwa sababu risasi ni jina la ile madini laini na nzito, na ni jina la kile kinachotoka kwa mtutu. Wanaiyeyusha, wanaimimina kwa kalibu, na mara nyingi ikipoa inatoka imenenepa kidogo kuliko inavyotakiwa. Basi wanachukua mashine ya mkono ya zamani, kama zile za kampuni ya Lyman, wanavuta wenzo, na risasi inasukumwa kupitia tundu la chuma lililopimwa hadi sehemu ya elfu moja ya inchi. Inatoka imepungua, na mifereji yake imejaa grisi.

Kazi yote hiyo kwa unene ambao macho yako hayauoni. Kwa nini?

Kwa sababu risasi na mtutu ni kama pistoni na silinda. Ikiwa nyembamba, moto unapita kando, nguvu inapotea, na risasi inatoka ikiyumba. Ikiwa nene kupita kiasi, presha inapanda hadi mahali hutaki kuwa umesimama. Na ukisema neno "oversaizi" hapa Makutano, kila mtu wa bodaboda anajua unaongea kuhusu nini.

Kabla mtu hajaniitia polisi: hapa Kenya kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, iko kwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Sifundishi mtu kutengeneza chochote. Naongea kuhusu kipimo.

Sasa turudi msituni.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Vijana wakaingia Nyandarua na Mlima Kenya, huu mlima wetu unaouona asubuhi mawingu yakikubali. Silaha za kiwandani zilikuwa chache. Risasi zilizopatikana kwa kuibwa, kununuliwa kichinichini au kunyang'anywa nyingi zilikuwa za .303, zile za bunduki ya jeshi la Mwingereza.

Hebu piga hesabu nami. Tundu la mtutu wa .303 ni karibu milimita 7.7. Risasi yenyewe ni karibu milimita 7.9, imezidi kidogo makusudi ili ibane ndani ya mifereji na izungushwe. Sasa chukua paipu la maji la nusu inchi, lile la kawaida la nyumbani. Tundu lake linazidi milimita 15. Hiyo risasi inaelea humo ndani kama mtoto aliyevaa suruali ya baba yake. Tafuta paipu jembamba zaidi, na bado hakuna lililotengenezwa kwa kipimo cha risasi, na ndani hakuna mifereji ya kuizungusha.

Kwa hivyo ndiyo, nyingi hazikulenga mbali. Na ndiyo, nyingine zilimpasukia mwenye kuzishika. Huo ndio ukweli, na wanaoimba sifa hawataki kuusikia. Lakini wanaocheka nao wajibu swali langu: wewe ungepima na nini? Msituni hakuna mashine ya leti. Hakuna umeme. Na huwezi kufanya majaribio ovyo, kwa sababu kila jaribio ni risasi moja imeenda, na mlio wake unaita askari.

Na risasi moja ilikuwa na bei gani? Waruhiu Itote, ndiye Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, alikamatwa Januari 1954 akiwa amejeruhiwa. Kati ya mashtaka yake lilikuwemo la kupatikana na risasi mbili. Mbili tu. Akahukumiwa kifo, na akaponea kwa sababu alikubali kuongea na serikali. Dedan Kimathi hakuwa na bahati hiyo. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika miaka ile Mwingereza alinyonga zaidi ya watu 1,000. Kwa wengi wao, kosa halikuwa kuua mtu.

Sasa fikiria fundi aliyekaa chini ya mti na tupa, akikwangua kipande cha komeo mpaka kiteleze vizuri ndani ya paipu, akijua kwamba kazi iliyo mkononi mwake inaweza kumpeleka kwa kitanzi. Wewe unamwandikia "manati ama?"

Musa Mwariama, mtu wetu wa Meru, alikaa msituni mpaka Uhuru wa Desemba 1963 ndipo akatoka. Miaka kumi na zaidi. Huwezi kukaa porini muda huo wote kwa nyimbo. Unakaa kwa sababu kuna watu wanajua kushona viatu vya ngozi, kutibu vidonda na kurekebisha chuma.

Na leo, ukitaka kuziona hizo bunduki, Imperial War Museum na National Army Museum kule London wanazo. Wao walijua ni kitu cha kuwekwa. Sisi tunazifanyia mzaha kwa simu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Ule ujuzi wa kubahatisha kwa sababu huna kifaa, sisi tumeugeuza kuwa mazoea hata vifaa vikiwepo.

Binamu yangu anaendesha boda. Mwaka jana alipeleka pikipiki kwa gereji moja, siitaji. Silinda ilikuwa imekula, ikahitaji kuchongwa upya na kuwekwa pistoni oversaizi. Fundi akaangalia kwa jicho, akasema "hii itaingia," akaisaidia na nyundo. Iliingia, ndiyo. Baada ya siku tatu injini ikashika akiwa na abiria kwa mteremko. Mungu alisaidia hawakuanguka vibaya. Lakini deni la pikipiki halikusimama, na wiki mbili nyumbani kwake zilikuwa ndefu.

Gereji hiyo haikuwa msituni. Stima iko. Mashine ya kuchonga silinda iko mtaani, na mzee mwenye kipimo yuko, anakaa siku nzima bila mteja kwa sababu nyinyi mnasema anachelewesha kazi. Vernia haifiki bei ya simu unayotumia kusoma hii. Fundi wa msituni alibahatisha kwa sababu alinyimwa kipimo. Wewe unabahatisha kwa sababu una haraka. Usijifananishe naye na usiniambie "jua kali ni hivyo." Jua kali ni kufanya kazi bila paa. Hakuna mahali imeandikwa bila kipimo.

Kwa hivyo ninataka vitu viwili. Walimu wa historia, siku ya somo la Mau Mau leteni fundi wa leti darasani. Aeleze kwa nini paipu si mtutu, na wanafunzi watakumbuka kuliko tarehe ishirini za kukariri. Na nyinyi wenye gereji, kijana akija kujifunza, mpeni kipimo siku ya kwanza. Nyundo atajifunza tu, hiyo haina shule.

Najua mtu atasema napenda silaha. Sipendi. Napenda mtu anayefanya kazi yake kana kwamba maisha ya mwingine yamo ndani, kwa sababu yamo.

Nipingeni kwa komenti, niko hapa. Lakini ukija, kuja na namba.