Polisi mu bar, siku ya mushahara

Ndugu watumikaji, na ninyi mama munaosoma gazeti kabla bwana hajarudi ku nyumba, leo tuongee jambo moja ambalo kila mutu analijua lakini tunaliongea chini-chini tu.

Siku ya posho, mwisho wa mwezi uliopita, wenzetu watatu walikuwa wamekaa mu bar moja hapa Kolwezi. Walitoka posti ya asubuhi, bus iliwaacha ku barabara kubwa, wakapita kunywa. Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya Simba mbele yake, mmoja alikuwa anaanza ya pili. Walikuwa wanabishana juu ya mupira. Jeep ya polisi ikasimama ku mulango, askari wanne wakaingia. Mu mufereji mbele ya bar ile ile kulikuwa kijana amelala, lutuku imemushinda, mguu mmoja uko mu barabara. Wakamupita. Wakaja mpaka ku meza.

— Siye tunafanya nini, chef?

— Munalewa. Kulewa mbele ya batu ni kosa. Mupande mu jeep.

— Tunalewa namna gani? Tunaikala tu hapa.

— Mutaeleza kule.

Kule hawakuulizwa kueleza kitu. Waliambiwa bei: franka 30.000 kwa kila mutu. Wawili walitoa, mmoja kwa mukono, mwingine kwa telefoni. Kabla ya saa sita ya usiku walikuwa wamerudi kwao. Wa tatu hakuwa na kitu. Saa kumi ya mchana, kabla ya kukaa ku bar, alikuwa ameshatuma mushahara wake kwa bibi, juu ya kodi ya nyumba na masomo ya watoto. Alijiachia franka 10.000 tu. Akalala mu amigo.

Siku ya Mungu, kaka yake alikopa feza akamutoa, jua likiwa tayari juu. Bus ya kazi ilikuwa imepita saa kumi na moja ya asubuhi. Ku kazi wakaandika: hakufika. Tena mutu akasema ku biro kwamba alikamatwa juu ya ulevi, na neno hilo likabaki pale. Kontra yake ya miezi mitatu ilikuwa inaisha juma lile. Za wale wawili zilirudiwa, yake haikurudiwa. Barua haikusema kwamba wanamufukuza. Ilisema kontra imekwisha. Mimi ni delege wa sendika, alikuja kwangu na barua ile, na sikuwa na mulango wa kugonga.

Tazameni vizuri jambo hili. Wale waliobaki na feza mu mufuko walilala ku kitanda. Yule aliyemupa bibi mushahara kwanza, sawa tunavyowaomba ku kila mukutano, ndiye aliyelala ku simenti.

Sasa, musifikiri kwamba ninatetea ulevi. Ninatumika ku migodi miaka zaidi ya 20, na ninajua pombe inafanya nini. Mutu anayeendesha kamiyo ya tani 100 mu shimo, na kichwa chake kingali mu chupa ya jana, ni hatari kwa wote walio chini. Ndiyo maana ku kampuni nyingi tunapuliza mu kamashini ku mulango mbele ya kuingia, na yule ambaye kamashini kanamukataa anarudi kwake. Sisi wa sendika hatukukataa jambo hilo, na hatutalikataa. Tulizika wenzetu wa kutosha.

Ku nyumba pia ninasikia. Bibi yangu, nilipomusomea maneno haya, alinijibu bila kuzunguka: « Babebe bote! Weye unatetea balevi, ni siye tunabakia na batoto. » Ninajua mama wengi watasema sawa naye, na hawakosei juu ya maumivu yao. Mushahara unaoingia mu bar siku ya posho na kutoka siku ya kwanza umekwisha, umeharibu nyumba nyingi mu cité yetu. Lakini nilimuuliza: franka 30.000 zile, unafikiri zilitoka mu feza ya bia? Bia ilikuwa imeshanywewa na kulipwa. Zilitoka mu sufuria. Bwana aliyekunywa franka 8.000 anarudi ku nyumba amepoteza 38.000. Kama ni kumusaidia mama, polisi ile haimusaidii. Inakula kisahani cha watoto baada ya bar kukila. Alinyamaza kidogo, kiisha akasema: « Basi baache kwanza kwenda ku bar. » Na hapo pia iko na haki.

Wakubwa wa polisi watatuambia: bar ni mahali pa watu wote, askari anaweza kuingia. Ndiyo. Sibishani juu ya mulango. Bar si nyumba ya mutu, na siku watu wanapigana kwa chupa tunafurahi kuona polisi inaingia. Lakini kunywa ni jambo moja na kulewa ni lingine, na mutu aliyelewa anaonekana. Hawezi kusimama. Anatukana watu, anavunja viti, anamushika binti wa watu kwa nguvu, anatafuta ufunguo wa gari na mukono unamukataa. Huyo, mumukamate, hata kama ni ndugu yangu. Mutu aliyekaa, anayejibu vizuri, anayejua jina lake na saa ya bus yake ya kesho, mumukamate juu ya nini? Juu ya harufu ya mudomo? Basi siku ya mushahara mutafunga mji muzima.

Tena, kama hofu yetu ni ajali, hatari iko wapi? Saa nne ya usiku hatari haiko ku meza. Iko inje, mahali wewa anaondoka na watu watatu nyuma na mwenyewe amekunywa. Iko ku barabara ya makamiyo. Iko mu mufereji, kwa yule kijana ambaye mguu wake ulibaki mu barabara. Askari wanne walikuwa pale, hatua tano tu. Walimupita kwa sababu mufuko wake ulikuwa umetoboka. Hapo nilielewa kwamba hawakuja kutafuta ulevi. Walikuja kutafuta mushahara, na walijua tarehe.

Na munaona pia mahali hawaingii. Kuna bar zenye magari ya vioo vyeusi ku mulango, ambako chupa moja inapita posho yetu ya juma. Kule pia watu wanalewa, kiisha wanaendesha wenyewe mpaka kwao. Sijaona jeep pale, isipokuwa ile inayowalinda.

Tuangalie sheria yenyewe, juu ya wengi hatuijui. Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, ku kifungu cha 18, inasema mutu anayekamatwa sherti aambiwe palepale sababu ya kukamatwa kwake, na kosa wanalomuwekea, kwa luga anayosikia. Inasema iko na haki ya kujulisha jamaa yake ao muteteaji wake palepale. Na inasema hawezi kuzuiliwa ku polisi zaidi ya saa 48. Kiisha hapo wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Saa 48 ni mwisho kabisa. Si saa za kumungojea mutu mpaka jamaa alete feza.

Juu ya amande pia, sheria iko. Tangu amri ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya kufuata makosa, OPJ anaweza kumuambia mwenye kosa alipe feza ili jambo liishe bila kwenda mbele ya tribinali. Lakini feza ile ni ya hazina ya serikali, si ya mukono wa askari. Feza inayoingia ku hazina inaacha karatasi nyuma yake. Feza isiyo na karatasi tuiite kwa jina lake: si amande. Wenzetu wale wawili, hakuna aliyewapa karatasi. Wa tatu hakuandikiwa PV. Kwa karatasi za serikali, usiku ule hakuna mutu aliyekamatwa, lakini mutu alipoteza kazi.

Ninajua askari naye ni mutoto wa mutu. Mushahara wake ni mudogo, tena wakati mwingine unachelewa, nyumba yake ni sawa na yetu ao mubaya kuliko. Wengine ni wadogo zetu na wakwe zetu. Siwachukii. Lakini kama askari iko na njaa, aende aidai kwa yule anayemulipa, sawa sisi tunavyodai kwetu. Asikuje kuikata mu nyama ya mutumikaji.

Wazee wetu wanakumbuka makambi ya Union Minière, mbele ya serikali kuichukua mwaka 1967. Mukubwa wa kambi alijua nani analala wapi, nani anapika nini. Kazi ilikuwa nguvu, heshima ilikuwa kidogo, lakini kulikuwa nyumba na posho. Kiisha Gécamines ikatushikilia. Mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10.000 walitoka kwa ile iliyoitwa départ volontaire, na wengi wetu leo ni watoto wao. Sisi tuko ku kampuni za sutretansi, kontra ya miezi mitatu, ya sita. Siku hizi usiku mumoja mu amigo unatosha. Mukubwa wa kazi hana haja ya kukufukuza. Anangoja tu tarehe.

Kwa hiyo sendika ya kwetu, tunaomba mambo haya.

Kwa polisi: muingie mu bar kama kuna fujo ao hatari, na ku barabara musimame kabisa, hasa siku ya mushahara. Kila mutu anayekamatwa aandikiwe PV na saa. Amande iwe na karatasi ao isiwe.

Kwa wenye bar: mutu ambaye hawezi tena kushika glasi, usimuuzie ingine. Unajua bibi yake, unajua nyumba yake. Mutumie mutoto aite jamaa.

Kwa wakubwa wa kazi: Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inaweka kufungwa kwa mutumikaji kati ya mambo yanayosimamisha kontra kwa muda. Mbele ya kuandika « mulevi » ku dosiye ya mutu, muulize PV iko wapi. Kama hakuna PV, hakuna ulevi. Kamashini kenu ka kupuliza kako ku mulango, kanatosha kusema kweli.

Na kwa sisi wenyewe: tupunguze. Posti ya asubuhi ikiwa kesho, chupa moja, na saa mbili ya usiku uko kwako. Ukikamatwa, usipigane, usitukane. Uliza sababu, uliza jina la OPJ, angalia saa, kariri namba ya jeep, julisha bibi na delege. Sisi ku sendika tumefungua kaye. Tutaandika kila usiku, kila namba, kila franka. Mutu mumoja akilalamika wanasema ni mulevi anaongea. Majina 50 mu kaye, na saa zake, ni jambo lingine, na tutalipeleka ku parke.

Ndugu yetu yule anatafuta kazi mpaka leo. Nilimuona juzi ku soko, amebeba mufuko wa makala wa mutu mwingine. Nilimuambia habari ya kaye, akanisikiliza vizuri. Kiisha akaniambia: « Delege, nikipata tena kazi, sitatuma mushahara yote ku bibi. Nitaweka 30.000 mu kiatu, ya polisi. Batoto batakula yenye itabakia. »

Sikuwa na jibu ya kumupa.