Shujaa Asiye na Jina

Msomaji mpenzi, ukiulizwa ni nani shujaa wa hadithi ya kutisha, bila shaka utamtaja aliyemwua zimwi. Mimi ni mwalimu. Jibu hilo nimelipokea mara nyingi na kulitia alama ya sahihi. Leo nakiri kwamba nilikosea.

Tazama kitabu cha Dracula, alichokitoa Bram Stoker mwaka wa 1897. Jonathan Harker, mwanasheria kijana wa Kiingereza, alisafiri kwenda Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Rumania, kwenye ngome ya kabaila Dracula, mfyonza damu za watu. Njiani alilala katika nyumba ya wageni mjini Bistritz. Alipowauliza mwenye nyumba na mkewe habari za kabaila huyo, walifanya ishara ya msalaba wakakataa kusema. Waliogopa.

Lakini kijana alipokuwa karibu kuondoka, yule bibi mzee alipanda chumbani kwake. Ulikuwa mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu George, usiku ambao wenyeji waliamini kuwa maovu yote hupewa nguvu. Alimsihi asiende, akampigia magoti. Kijana alikataa, akasema ana kazi. Basi bibi akafuta machozi, akavua msalaba shingoni mwake, akamvika kwa ajili ya mama yake, akatoka.

Siku chache baadaye Harker alijikata akinyoa ndevu. Kabaila alipoiona damu alimrukia kooni. Mkono wake ukagusa shanga zilizoshika msalaba, na ghadhabu yake ikatoweka papo hapo.

Wako watakaosema kuwa bibi yule alishindwa, maana kijana alikwenda vile vile. La hasha! Kama angelishindwa, kijana angalikufa mbele ya kioo chake. Wengine watasema kuwa ushujaa ni kupigana. Nami nawauliza: waliomwua kabaila mwishoni walikuwa kundi, tena walikuwa na visu na bunduki, bibi alikuwa peke yake, na ngao yake moja tu alimpa mgeni ambaye hata hakuithamini. Usiku ule ule aliouogopa, shingo yake mwenyewe ilibaki tupu. Ni yupi kati yao aliyetoa zaidi? Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwandishi hakumpa bibi huyo hata jina, na sisi walimu tumezidisha dhuluma hiyo kwa kutomwuliza katika mitihani yetu. Twawafundisha vijana kwamba asiye na silaha hana sehemu katika vita vya wema na uovu. Nao wengi wao, wasio na silaha wala cheo, huona kuwa hawana la kufanya. Fundisho hilo ni la uongo.

Basi, msomaji, utakapofungua hadithi nyingine, usimtazame mwenye upanga peke yake. Mtafute pia aliyeogopa kama wenzake, kisha akapanda ngazi.