Barua ya Nyumbani: Kurudi si Aibu

Nchini Norwei upo uwanda wa juu uitwao Hardangervidda, wenye wastani wa mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sehemu yake kubwa haina miti ya kumkinga mtu na upepo. Atakaye kuuvuka peke yake kwa siku kadhaa hupanga mahali pa kulala kila usiku na hubeba nguo nzito hata wakati wa kiangazi. Lililo kubwa zaidi, huwaachia jamaa zake maandishi ya njia atakayopita na siku ya kurejea. Hufuata herufi T nyekundu zilizopakwa juu ya marundo ya mawe. Ukungu ukizificha, na arudi. Kanuni za milima za Wanorwei zafundisha kwamba kurudi si aibu. Nanyi wa kambini mwajua: asiyeijua siku ya kungoja hataijua siku ya kutafuta.