Jikoni Nako ni Chuoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kwa kalamu yale asiyokuwa akiyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Imenifikia barua kutoka Uingereza. Aliyeniandikia ni mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekhitimu Kurani mbele yangu hapa Unguja angali mtoto, akasoma skuli mpaka akapata shahada, kisha akaolewa na kuhamia kule. Ana watoto watatu, na anawasomesha mwenyewe nyumbani: asubuhi Kurani, kisha hesabu, kisha kusoma na kuandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na ikikaribia adhuhuri huingia nao jikoni. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa huandika katika daftari yale aliyowafunza wiki ile na yale aliyoyapika. Ameazimia asikose hata wiki moja mwaka huu, ili mwisho wake awe na kitabu cha kuwaachia watoto, na nakala ya kuwapelekea wadogo zake waliokwisha olewa.

Jamaa zake waliposikia, walimcheka. Mmoja wao alimwambia: "Umesoma kote huko, ukavuka bahari, ukakune nazi?" Naye ananiandikia mimi: "Sheikh, nimefika hadi naona haya kusema kwamba napenda kupika."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Tumefika wapi, enyi Waislamu, hata mwanamke aone haya kusema kwamba anafurahi kuwalisha wanawe kilicho halali kwa mkono wake? Angelisema anapenda kutembea madukani asingechekwa. Basi namjibu hadharani, kwa sababu wanaomcheka si jamaa zake peke yao. Wamo mitaani mwetu, wamo maofisini, na baadhi yao wamevaa vilemba.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba elimu yake imepotea chunguni. Nawauliza: nyinyi mnadhani elimu inakaa wapi? Umar bin Abi Salama (R.A.) alikuwa mtoto mdogo akilelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Siku moja walikuwa wakila, na mkono wa mtoto ukawa unazunguka huku na huku katika sahani. Mtume hakumfukuza wala hakumkaripia. Alimfunza mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mtoto yule alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba tangu siku ile hakuacha kula hivyo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na kila mwalimu wa chuo anaijua. Lakini tumeisoma tukasahau kuangalia somo lilitolewa wapi. Lilitolewa penye sahani ya chakula! Hapakuwa na ubao wala dawati.

Nami nitasema la kwangu. Kabla sijakaa mbele ya sheikh yeyote nikasomeshwa mlango wa zaka, mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikwisha nifunza kuwa fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Alinipa kibaba mkononi, akanambia nipime mchele wa watu wote wa nyumbani, nami nikahesabu vichwa, nikahesabu vibaba. Hapo pana fikihi na pana hesabu, na pana huruma kwa maskini, kwani mchele ule niliubeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa mwenye kustahiki. Nimesoma vitabu vingi baada ya siku hiyo, wala hakuna kilichoniondolea somo lile.

Huyu binti naye ndivyo afanyavyo. Ananieleza kwamba anawafunza watoto kwa nini tui jepesi hutangulia na tui zito huja mwisho, na kwa nini mtu asiondoke akaacha kukoroga, lisije likakatika. Kwa mkate wa kumimina wanaroweka mchele, wanausaga na tui, wanatia hamira na hiliki, kisha wanangoja uumuke. Mtoto wa miaka sita anataka uumuke sasa hivi, naye mama anamwambia: ngoja. Mimi nimesomesha watoto zaidi ya miaka arubaini, na nashuhudia kwamba kumfunza mtoto kungoja ni kazi kubwa kuliko kumfunza herufi.

Hoja yao ya pili ni kwamba kusomesha ni kazi ya mwalimu, mama hajui. Kwanza, huko aliko sheria inamruhusu. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 inamwajibisha mzazi mtoto wake apate elimu inayomfaa, ama kwa kwenda skuli ama kwa njia nyengine. Hapa kwetu Tanzania kumpeleka mtoto skuli ya msingi ni lazima, wala mtu asichukue maneno yangu akamtoa mwanawe skuli akamweka kuuza maandazi. Huyo ni dhalimu, wala simtetei.

Lakini sheria inayomlazimisha mtoto kwenda skuli haikumvua mzazi jukumu lake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga, na baba ametajwa, na mama ametajwa. Ulipoingia ugonjwa wa korona, skuli za msingi nchini zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa mpaka mwishoni mwa Juni. Watoto walirudi kwa nani? Walirudi kwa mama zao. Nakumbuka wazazi walionijia wakilalamika kwamba hawajui wawafanye nini watoto wao wenyewe. Mtu na mwanawe chini ya paa moja, na hana la kumfunza! Msiba ule wa kutojuana na watoto wetu tulikuwa nao kabla ya maradhi, na wengi wetu tunao hata leo.

Na baba je? Baba anatoa pesa asubuhi, mtoto anakunywa soda na kula chipsi njiani, jioni analetewa chakula cha kununua, na baba anajiona ametimiza wajibu. Kisha baba huyu ndiye anayemcheka mama anayekuna nazi! Na pengine mkewe yeye anapika kila siku, naye hajapata kumwambia "ahsante". Chumvi ikizidi, sauti inafika kwa jirani. Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula ila: akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi watoto wa kiume nao waingie jikoni wajifunze. Anayeona kazi hiyo inamshusha cheo, atwambie cheo chake kimezidi cha nani.

Hoja ya tatu: "Mambo ya jikoni nayo ni ya kuandikwa?" Wanaosema hivi wameusahau mwambao wao. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa upande wa Pate na Siu, aliandika utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Aliusia humo dini, adabu, na namna ya kuishi na mume na watu nyumbani. Hakuyaona mambo ya nyumba kuwa ni madogo yasiyostahiki wino. Ametangulia mbele ya haki zaidi ya miaka 160 iliyopita, na utendi wake ungali unasomwa. Walioyacheka mambo ya wanawake zama zake, nani anayewajua leo?

Na mimi ninayo majuto yangu. Mama yangu alikuwa na mkate wa kumimina uliokuwa ukijulikana mtaa mzima. Alipima kwa bakuli lake na kwa macho yake. Sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa mwanamme na mwanachuoni. Dada zangu hawakuandika, kwa kuwa walidhani watakumbuka. Alipofariki, kila mmoja akaupika kivyake, na hakuna hata mmoja uliokuwa ule. Tulimzika na elimu yake. Na kama tulivyoupoteza mkate, ndivyo tulivyozipoteza dua alizokuwa akizisoma akikoroga, na hadithi alizokuwa akitusimulia huku tunangoja. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni, hata likiwa dogo. Basi hilo ni deni la mama kwa wanawe. Kwa nini lisiandikwe?

Sasa nimgeukie binti yangu mwenyewe, kwani kumtetea mtu si kumsifu tu. Kwanza, itakase nia yako. Andika kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kwa manufaa ya wanao, wala usiandike ili watu waone sahani zako zilivyopambwa. Riya huingia hata katika sala, seuze katika pilau. Pili, jikoni kusile wakati wa kitabu. Ukiwa umechukua amana ya mwalimu, hesabu isomeshwe kwa ukamilifu wake, na watoto wachanganyike na wenzao, msikitini na kwengineko. Tatu, usiwadharau mama wanaotoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Wengi wao hawakuchagua, na mafunzo yao ya saa moja ya usiku huenda yakawa na baraka kuliko ya mchana kutwa. Na nne, ukipika mchuzi, zidisha maji yake umkumbuke jirani, kama Mtume (S.A.W.) alivyomuusia Abu Dharr (R.A.). Jirani yako huko huenda si Mwislamu. Mpelekee, na umtume mtoto akabishe hodi. Hilo nalo ni somo, liandike katika daftari.

Na haya ya kupenda kupika uiondoe moyoni. Haya ni sehemu ya imani, lakini mahala pake ni penye maasi. Wanaostahiki kuona haya ni wale wanaojua bei ya kila kitu sokoni wasijue mwanao amefika juzuu ya ngapi.

Ewe Mola wetu, zibariki nyumba zetu na riziki zetu, warehemu mama zetu waliotufunza tukiwa hatujui kama tunafunzwa, na utujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.