Kabla lami haijafika Haydom, tuhesabu miguu

Juzi nilikuwa Katesh. Kwa msiopajua, Katesh ndiyo makao makuu ya wilaya ya Hanang. Ni mji mdogo uliokaa chini ya mlima, na barabara kuu ya Singida kwenda Babati inapita katikati yake. Ilikuwa siku ya mnada. Nikakaa kwenye benchi la mama muuza chai na daftari langu, nikawa nachora kijistari kila mtu anapovuka barabara kwa miguu. Mama na kapu la vitunguu swaumu, kijistari. Mzee wa Kibarbaig na shuka lake na fimbo, kijistari (ng'ombe wake sikuwahesabu, wanisamehe). Watoto wanne wa shule wameshikana mikono, mkubwa anachungulia lori huku mdogo anavutwa kama mbuzi, vijistari vinne. Nusu saa haijaisha nikaweka kalamu chini. Mkono ulichoka.

Mama muuza chai akaniuliza, "Baba, unahesabu nini?" Nikamwambia, watu. Akacheka: "Hapa wanahesabiwaga magari tu."

Ndugu msomaji, mama yule kanimalizia makala kabla sijaanza kuiandika.

Barabara ya Singida hadi Minjingu kupitia Katesh na Babati ni kama kilomita 220, na lami yake ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Sina ugomvi nayo. Nani anataka kurudi kwenye vumbi? Lakini hesabu inayoamua barabara iwe ya aina gani ni hesabu ya magari: mangapi kwa siku, yana uzito gani, yataongezeka kwa kasi gani. Mwenda kwa miguu haharibu lami, hivyo kwenye hesabu ya mhandisi hana uzito. Kisha anagongwa, na sisi waandishi tunaandika aya mbili: "dereva alikimbia", "uzembe wa mwenda kwa miguu", basi. Nasema sisi kwa sababu hata mimi nimeziandika aya hizo.

Eti hatuna uwezo wa kupima? Jamani! Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 60, mita 30 kila upande kutoka katikati, nyumba ngapi nchi hii zilipimwa kwa futi kamba na kuchorwa X nyekundu? Ukuta ukiingia hifadhini mita moja tu, unaonekana. Mahali ambapo watoto wa shule wanavuka kila asubuhi hapaonekani.

Eti hatujui kuhesabu waliokufa? Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, Gendabi na Jorodom. Siku zile serikali ilitoa idadi ya waliokufa na ya majeruhi, ikaisahihisha kila mwili ulipopatikana, na nchi nzima ilisimama kusikiliza. Ilikuwa haki yao. Ila anayekufa barabarani anakufa peke yake, Jumanne, saa moja asubuhi, akielekea kisimani. Hakuna anayemtangaza.

Mnataka takwimu? Kwa mwaka 2016 taarifa rasmi ya Tanzania ilikuwa vifo 3,256 vya ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani lilipofanya makadirio yake kwa mwaka huo huo, lilipata zaidi ya 16,000. Tuseme hata makadirio yamezidisha nusu nzima; bado kuna maelfu ya Watanzania ambao hawamo kwenye daftari lolote. Na shirika hilo hilo linasema duniani kote, kati ya kila watu watano wanaouawa barabarani, zaidi ya mmoja alikuwa anatembea kwa miguu.

Wanapotelea wapi? Mimi najua anapopotelea mmoja. Nimesoma shule ya msingi huku huku Mbulu, kando ya barabara ya vumbi. Mwenzangu wa darasa la nne aligongwa na lori asubuhi tukienda shule. Hakufa. Alilala nyumbani miezi, mguu ukaungwa vibaya, hakurudi tena darasani. Miaka mingi baadaye nikiwa na shughuli zangu pale shuleni, niliomba kuona rejesta ya mwaka ule. Mbele ya jina lake kuna alama moja tu, mstari mzima. Mtoro.

Mtoro!

Hapo ndipo data zetu zinapozikwa. Polisi kuna PF3. Zahanati kuna daftari la wagonjwa. Shuleni kuna rejesta. Madaftari matatu, katika kata moja, na hayajawahi kukutana.

Sasa twende Mbulu. Mei 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge kudai lami ya barabara ya kwenda Haydom. Nchi ilicheka. Sisi wa huku hatukucheka sana, maana tunajua maana ya kumpeleka mama mjamzito Hospitali ya Haydom wakati wa masika. Madai yake yalikuwa ya haki. Swali langu ni jingine: nani atapiga sarakasi kwa ajili ya mtoto wa Dongobesh siku lami hiyo itakapopita mbele ya shule yake na mabasi yakaanza kushindana?

Najua jibu litakalokuja: "Lami kwanza, hayo mengine baadaye." Tunaijua baadaye yenyewe. Mtoto anagongwa, wananchi wenye hasira wanapanga mawe na magogo barabarani, mabomu ya machozi yanapigwa, na baada ya mwezi linakuja tuta moja. Yaani maiti ndiyo takwimu yetu, na mawe ndiyo ripoti. Njia ya miguu ikichorwa kabla ya lami ni sehemu ya barabara. Ikidaiwa baada ya lami, inaitwa bajeti mpya.

Jibu la pili: "Watu wenyewe hawajui kutumia barabara." Haya. Sheria inasema gari lisizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Nani kati ya dereva na bibi mwenye ndoo kichwani anapimwa kwa sheria hiyo? Bibi akikosea hatua moja anakufa. Dereva akikosea, bibi anakufa vile vile. Basi barabara ijengwe ikijua kwamba binadamu anakosea.

Na msiniambie hii ni ndoto ya Ulaya. Dar es Salaam shirika la Amend lilienda nyumba kwa nyumba kuuliza swali jepesi: mtoto wa hapa amewahi kugongwa? Wapi? Akienda wapi? Kwa majibu hayo wakachagua shule zenye hali mbaya zaidi, wakaweka njia za miguu, matuta, vivuko na alama. Watafiti walipolinganisha na shule ambazo hazijaguswa, majeruhi walikuwa wamepungua kwa kama robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross, dola 250,000. Hawakujenga daraja la juu hata moja. Walianza kwa kuuliza.

Kwa hiyo, wadau wa Mbulu na Hanang, hasa ninyi mliosoma mkakimbilia Arusha na Dar kama mimi, pendekezo langu ni hili. Kila kijiji kilicho kando ya barabara kiwe na daftari moja kubwa kwa mtendaji. Safu zake: siku, saa, mahali, umri, alikuwa anaenda wapi, amegongwa na nini, imekuwaje. Jina halihitajiki. Kila mwezi mtu mmoja apite zahanati na shuleni kuuliza waliosahaulika. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila baada ya miezi mitatu: daftari lisomwe pale kwa sauti, liingie kwenye muhtasari, muhtasari uende kamati ya maendeleo ya kata, halmashauri, mpaka Bodi ya Barabara ya Mkoa. Barabara ya TANROADS au ya TARURA, kila mmoja apelekewe ya kwake. Mhandisi akiulizwa mbele ya watu kwa nini mahali hapa hapa wamegongwa watu mara kadhaa kwa mwaka, hatajibu kwa neno "uzembe".

Likizo hii nanunua daftari mbili. Moja naipeleka kwa mtendaji wa kijiji chetu. Ya pili naipeleka shule ile niliyosoma, na ukurasa wa kwanza nitaujaza mwenyewe: darasa la nne, asubuhi, lori, alikuwa anakuja shule.

Hakuwa mtoro.